Magdalene Odundo na Chungu Nilichonunua Sokoni

Nikiwa darasa la tano, kwetu Same, mwalimu wa stadi za kazi alituagiza kila mmoja alete chungu alichofinyanga. Mimi nikanunua sokoni kwa bei ya soda, nikapewa alama za juu, basi. Mama aliyekifinyanga na kuteremka nacho kutoka milimani hakutajwa na mtu. Mwaka huu nimesoma habari za Magdalene Odundo, na aisee, nimeona aibu.

Odundo ni Mkenya, mzaliwa wa Nairobi, 1950. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea sanaa, na mapenzi ya udongo yakampatia huko huko, Cambridge. Lakini mwaka 1974 akasafiri hadi Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichokianzisha Mwingereza Michael Cardew. Pale mwalimu wake hasa akawa Ladi Kwali, mama ambaye leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Kwake alijifunza kupandisha chungu kwa mikono, bila gurudumu. Baadaye ndipo akahitimu Royal College of Art, London, mwaka 1982.

Mpaka leo gurudumu hatumii. Anajenga kwa mikanda ya udongo, mmoja juu ya mwingine, anakwangua, anapaka uji wa udongo laini, kisha anasugua mpaka chombo king'ae. Hapaki rangi ya kioo kama ya vikombe vya dukani. Kazi iliyobaki ni ya moto: hewa ikiingia vizuri kwenye tanuri, chombo kinatoka chekundu kama machungwa. Kikichomwa tena kimefungiwa na vitu vinavyofuka moshi, hewa ikakosekana, kinakuwa cheusi.

Watu husema vyombo vyake vinafanana na mwili wa binadamu. Sisi Waswahili hilo halitushangazi: chungu tangu zamani kina mdomo, shingo na tumbo. Yeye anairefusha ile shingo, anaiinamisha kidogo, na unajikuta unamtazama mtu. Huchemshii maharage humo. Vimewekwa British Museum, na mwaka 2022 vilioneshwa Venice. Mwenyewe alifundisha Farnham hadi akawa profesa, mwaka 2018 akateuliwa mkuu wa chuo hicho.

Sisemi mama wa sokoni ni Odundo. Odundo amekaa miaka mingi akitafuta umbo moja, mama anatafuta ada. Ila mikono ilianzia mahali pamoja, na kwenye somo letu mmoja hakuwahi kuitwa mwalimu.

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Nimeshamfuata mama mmoja mfinyanzi, nikamwomba aje darasani siku moja. Akanitazama, akacheka.

"Nitakuja, mwanangu. Ila udongo ni mzito, nauli yake nani atalipa?"

Bado natafuta.