Poka ya karata saba: Meza ikibadilika, karata za kuanzia nazo hubadilika

Mwenye meza ya mitumba pembezoni mwa soko, asiyelipa kodi kubwa, anaweza kumngoja mteja mzuri hadi jioni. Aliyepanga fremu ya bei ghali katikati ya mji hana nafasi hiyo. Kodi inamla kila siku, auze asiuze, hivyo hata faida ndogo huikubali.

Hesabu hiyo hiyo huwatenganisha wanaopata na wanaopoteza katika poka ya karata saba, mchezo uliotamba katika kasino za Atlantic City, Marekani, kabla ya poka ya Texas kushika kasi miaka ya 2000.

Kila mchezaji hupewa karata 2 za siri na 1 ya wazi. Mwenye karata ya wazi iliyo ndogo kuliko zote hulazimika kufungua dau. Wengine huamua kuingia, kupandisha au kutupa karata. Uamuzi huo ni mzito, kwani mbele yake kuna raundi nyingine 4 za kuweka fedha.

Katika meza ndogo za dau la dola 1 hadi 5, mara nyingi hakuna kiingilio. Kilichopo mezani ni dola 1 ya mfunguaji. Anayeweka dola 5 kuwatisha wenzake ili achukue dola hiyo moja anapaswa kufanikiwa zaidi ya mara 5 katika kila 6. Tena wachezaji wa hapo hawatishiki. Hulipa ili tu waione karata inayofuata. Kungoja ni bure, basi aingie mwenye karata 3 zinazolingana au jozi kubwa, wengine watupe.

Meza ya dola 20 kwa 40 ni habari nyingine. Kiingilio cha dola 3 kwa watu 8 ni dola 24, na mfunguaji huongeza 5. Dola 20 za kupandisha zinafuata dola 29. Vitisho vikikubali hata nusu ya mara, vinalipa. Hapo mfalme wa wazi, wengine wakiwa na karata ndogo, anaweza kutosha. Anayengoja jozi ya wafalme kwa migawo 20 ameshatoa dola 60 bila kucheza.

Wengi huumia wanapohama. Anayepanda hubeba subira ya meza ndogo, viingilio vikammaliza. Anayeshuka hubeba vitisho vya meza kubwa, akakutana na watu wasiotupa karata.

Kisichobadilika ni macho. Mwenye kopa 3 hubakiwa na kopa 10 za kutarajia. Akiona 3 kati yake zimelala wazi kwa wenzake, zimebaki 7, na matumaini yamepungua.

Mchezaji makini, kabla hajafunua karata zake, hujiuliza kwanza: kukaa hapa kunagharimu kiasi gani?