Kisafisha Hewa Nyumbani: Kipi Kinachowezekana na Kipi Kisichowezekana

Kikohozi cha mtoto usiku humwamsha mama kabla ya wote. Siku hizi, mtoto mwenye pumu anapobanwa na kifua, jamaa hushauri: nunueni mashine ya kusafisha hewa. Ushauri huo si mbaya. Hata hivyo, kabla fedha hazijatoka, yatupasa tuielewe kazi ya mashine hiyo.

Ndani yake mna feni inayovuta hewa ya chumba na kuipitisha katika vichujio. Cha kwanza huzuia nyuzi na vumbi kubwa. Cha pili, kiitwacho HEPA, kimefumwa kwa nyuzi nyembamba mno, nacho hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikroni 0.3; unywele wa binadamu una takriban maikroni 70. Hapo hunaswa chembe za moshi, chavua na vumbi litokalo kwenye manyoya ya paka. Mashine nyingine huongezwa kichujio cha mkaa maalumu, kinachofyonza harufu na baadhi ya gesi. Kwa hiyo baadhi ya wagonjwa wa pumu na mzio hupata nafuu, ingawa mashine haishiki nafasi ya dawa za daktari.

Lakini mashine ina mipaka. Husafisha chumba kimoja tu, tena kinacholingana na nguvu zake. Kichujio kisipobadilishwa kwa wakati, faida hupungua. Zile zinazotoa gesi ya ozoni tuziepuke, kwani ozoni huchoma mapafu.

Lililo zito zaidi ni jiko la makaa. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua waliolala. Kichujio cha HEPA hakiinasi. Asidanganyike mtu akaliingiza jiko chumbani kwa kuitegemea mashine.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Moshi huo hutokana na kupikia kuni, makaa, mafuta ya taa na mfano wake.

Basi tuanze na kisichogharimu. Jiko litolewe uani. Sigara isivutwe ndani. Chetezo cha udi na ubani kifukizwe madirisha yakiwa wazi na mwenye pumu akiwa nje ya chumba. Nguo zaweza kufukizwa barazani. Dawa ya mbu ya kuchoma tuibadilishe kwa chandarua. Upepo wa bahari nao tuupishe, asubuhi na alasiri.

Hayo yakitimia na uwezo ukiwepo, mashine na iwekwe chumba anacholala mtoto, milango imefungwa. Hapo itakuwa msaidizi wa kweli, wala haitakuwa pambo la kuficha moshi tunaouwasha kwa mikono yetu wenyewe.