NGUO ZA MSAADA NA KAZI YA KIWANDANI

Ndugu wafanyakazi,

Tunapotembelea matawi, viwandani na mashambani, tunaulizwa mara kwa mara: Je, misaada ya nchi tajiri inatufaa au inatudhuru? Tujibu kwa kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amekivaa, yaani mitumba. Waganda huiita mivumba, Wazambia huiita salaula.

Safari yake ni hii. Huko Ulaya na Marekani mtu hutoa nguo zake bure kwa chama cha hisani. Nia yake ni njema. Chama huchagua zilizo nzuri na kuziuza katika maduka yake, nacho hutumia fedha hiyo kwa kazi zake. Nyingi zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, ambao huzichambua, huzifunga marobota na kuzipakia melini. Zikifika Mombasa au Dar es Salaam si sadaka tena, ni bidhaa. Mtoaji anadhani amemvika maskini bure, kumbe maskini amelipa.

Madhara yako wapi? Kiwanda hununua pamba, hulipa umeme na mishahara. Nguo ya mtumba imetoka kwa mwenyewe bila bei. Ni vigumu sana kushindana nayo. Mwaka 2008 mtaalamu wa uchumi Garth Frazer alitoa hesabu yake: kati ya mwaka 1981 na 2000, mitumba ilileta kama asilimia 40 ya kushuka kwa utengenezaji wa nguo katika Afrika, na asilimia 50 ya kupungua kwa ajira katika kazi hiyo.

Lakini tuseme kweli yote. Mitumba haikuua viwanda peke yake. Uganda iliumia tangu 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia waliokuwa na viwanda vingi. Miaka ya 1980 na 1990 Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia ziliweka masharti ya mikopo: punguzeni ushuru, fungueni milango. Mashine zilichakaa, umeme ukakatika, nguo mpya za bei rahisi zikaingia kutoka Asia. Tena wako wengi wanaokula kwa kuuza na kurekebisha mitumba, nao ni wafanyakazi kama sisi. Na mkata miwa au mchuma chai hununua shati la mtumba kwa kuwa mshahara wake haufikii jipya. Hatumlaumu.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walipeleka malalamiko kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia, na Julai 2018 Marekani ikaiondolea nafasi ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Basi tujiulize: zawadi gani hii, ambayo ukiikataa unaadhibiwa?

Hatusemi misaada yote ni mibaya. Kampeni ya chanjo ya ndui ilisaidiwa na mataifa mengi, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977. Ugonjwa ukaisha, na kazi ya msaada ikaisha nao.

Kwa hiyo kila msaada tuupime kwa maswali manne:

1. Nani ameuomba?
2. Unaanzisha kazi gani, na unaua kazi gani?
3. Tunaweza kuukataa bila kuadhibiwa?
4. Ukikoma kesho, kitabaki nini mikononi mwetu?

Mitumba inashindwa katika mengi ya maswali haya. Hata hivyo, kuifunga kwa siku moja ni kumvua nguo mfanyakazi. Madai yetu yawe matatu kwa pamoja: pamba yetu isokotwe na kufumwa hapa hapa, ushuru upandishwe polepole viwanda vinapokua, na mshahara utoshe kununua nguo vinavyotengeneza. Likikosekana hilo la tatu, mawili ya kwanza yatamnufaisha tajiri peke yake.

Wahenga walisema: cha kuazima hakisitiri matako. Jadilianeni haya katika mikutano ya matawi.

Umoja ni nguvu.