SOMO LA REDIO: PANGABOI LIZUNGUKALO HALIONEKANI

Leo twasema na ninyi mnaofanya kazi katika kiwanja cha ndege cha Manyara, kilichoko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya Mto wa Mbu na Karatu: wapakizi wa mizigo, na madereva mnaowapokea wageni waendao Ngorongoro. Swali letu ni hili: ndege ikisha kutua, ni wakati gani mtu aweza kuikaribia?

Wengi watajibu, "Ikisha kusimama." Jibu hilo halitoshi. Magurudumu yaweza kusimama na huku injini ingali inanguruma. Fikirini ndege ndogo ya Cessna Caravan. Pangaboi lake liko puani, nalo laweza kuzunguka mara 1,900 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 30 kila sekunde. Kitu kiendacho mbio namna hiyo jicho halikishiki. Huona kama hewa tupu. Sikio nalo hudanganyika, kwa kuwa ndege nyingine ikinguruma jirani, hujui sauti yatoka wapi.

Ndege kubwa za jeti, kama zitumiazo kiwanja cha Kilimanjaro, zina hatari yake: mbele injini huvuta, nyuma husukuma. Tarehe 31 Desemba 2022, mjini Montgomery, Marekani, mfanyakazi wa kiwanja alivutwa na injini akafa. Ndege ilikuwa imekwisha kuegeshwa, lakini injini moja ilikuwa ingali inazunguka. Tena wafanyakazi walikuwa wamekumbushwa jambo hilo kabla ya ndege kufika. Basi kuonywa peke yake hakutoshi. Yatakiwa mazoea, kwa kila ndege, kila siku.

Shikeni mambo manne:

1. Ngoja mbali mpaka taa nyekundu imwekayo imezimika. Ikiwaka, hesabu kwamba injini inafanya kazi au i karibu kuwashwa.

2. Taa ikisha kuzimika, tazama pangaboi mpaka uweze kuyahesabu mapanga yake moja moja.

3. Ngoja ishara ya rubani au ya msimamizi. Kisha karibia kutoka nyuma ya bawa. Usipite mbele ya pua, hata kama pangaboi limetulia.

4. Kofia ikipeperushwa na upepo, iache iende. Kofia hununuliwa. Wageni nao waongozwe, na watoto washikwe mkono.

Mtu akikuharakisha kwa kuwa wageni wamechelewa, mjibu kwa adabu, "Bado pangaboi." Dakika mbili za kungoja hazimpotezi mgeni Ngorongoro yake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Kwa nini macho na masikio hayatoshi? Katika kiwanja chenu, nani hutoa ishara ya kukaribia, na je, kila mtu anamjua?