Ujenzi wa Kiigizo cha Kikokotoo

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi kikokotoo cha zamani kiwezavyo kuigizwa katika kivinjari cha kompyuta, na kuonyesha kwa nini kazi hiyo hudai uaminifu ule ule udaiwao kwa mnakili wa miswada. Kwa neno kiigizo tunakusudia programu ifuatayo mwendo wa chombo kingine.

Sura ya kikokotoo si taabu kuichora. Vitufe na dirisha la tarakimu hupangwa kwa HTML na CSS, na kila kitufe hufungwa na amri za JavaScript. Mjenzi mwenye haraka huishia hapo, akakiachia kivinjari hesabu yenyewe. Lakini kivinjari kina desturi zake. Huhifadhi nambari kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa hiyo kikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Kikokotoo kilichohesabu kwa makumi hakikupata kutoa jawabu kama hilo.

Tuchukue mfano wa Sinclair Scientific, kilichotolewa Uingereza mwaka 1974. Chipu yake, kazi ya Texas Instruments, ilikusudiwa vikokotoo vya matendo manne tu, nayo ilikuwa na nafasi ya amri 320. Katika nafasi hiyo finyu Nigel Searle alitia pia hesabu za logi na za pembe. Thamani ya pai haikupata nafasi ndani, ikapigwa chapa juu ya kasha. Sini ilitafutwa kwa kuzungusha pembe kidogo kidogo, hatua ya radiani 0.001 kila mara. Ndiyo maana mtumiaji alingoja sekunde kadhaa, na tarakimu za mwisho hazikuwa za kutegemewa.

Mwaka 2013 Ken Shirriff wa Marekani alikiundia kiigizo cha kivinjari. Yeye hakuiga majawabu. Amri za asili zilisomwa katika picha za chipu, naye akaandika programu inayozifuata moja baada ya moja. Basi makosa ya asili nayo yamo. Ukigawanya kwa sifuri, mashine huzunguka bila kikomo, kama ilivyozunguka ile ya kwanza. Kwa sababu hiyo yampasa mjenzi wa kiigizo cha namna hii azitekeleze amri kwa mafungu madogo, ili kivinjari kipate wasaa wa kuchora tarakimu. Ama sivyo ukurasa mzima utaganda.

Mhariri asahihishaye tahajia ya mswada kimya kimya huufuta ushahidi wa lahaja ya mwandishi. Vivyo hivyo kiigizo kilichosahihishwa. Kosa la tarakimu ya mwisho hutuonyesha jinsi hesabu nyingi zilivyobanwa katika amri 320. Likiondolewa, hubaki picha ya vitufe tu, na elimu ya mtengenezaji hupotea.