Je, Wajua? Nairobi Ina Simba Ndani ya Jiji

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini Kenya, ilianzishwa mwaka 1946. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 117, na imo ndani ya jiji. Mtoto anaweza kumtazama kifaru akila nyasi huku maghorofa ya mjini yakionekana nyuma yake.

Humo humo, kituo cha Sheldrick hulea ndama wa ndovu waliopoteza mama zao. Saa tano asubuhi milango hufunguliwa kwa wageni, kwa muda wa saa moja tu. Ndama huja mbio wakifuata chupa kubwa za maziwa. Wadogo zaidi hufunikwa blanketi kukiwa na baridi. Usiku ndama wadogo hulala na mtunzaji zizini, kwa sababu ndama wa ndovu hahimili upweke.

Kwenye Kituo cha Twiga, Lang'ata, mtoto hupanda roshani ya mbao akawa uso kwa uso na twiga. Ulimi unaochukua chakula mkononi mwake una urefu wa sentimita 45 hivi, na ncha yake ni nyeusi.

Na Makumbusho ya Reli? Huko limehifadhiwa behewa ambamo simba aliingia usiku, mwaka 1900, kituoni Kima, akamnyakua afisa wa polisi, Charles Ryall, na kutoka naye dirishani. Watoto huruhusiwa kupanda vichwa vya treni vya zamani.