Je, Wajua? Mkimbiaji Aliyeongoza Wakimbizi
Je, wajua kwamba Mwafrika wa kwanza mwanamke kushinda marathoni ya New York ni Tegla Loroupe wa Kenya? Ilikuwa 1994, na mwaka uliofuata akashinda tena. Utotoni, huko Pokot Magharibi, alikwenda shule mbio, kilomita nyingi kila siku. Sifa alizopata barabarani zilimpa sauti ambayo wazee walilazimika kuisikiliza. Mwaka 2003 alianzisha taasisi ya amani, akawakutanisha kwenye mbio wapiganaji wa jamii zilizokuwa zikiporana mifugo. Kazi ya kishujaa hasa! Mwaka 2016, mjini Rio, aliongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki: wanamichezo 10, watano wakiwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma.